Nafasi Tupu Kwenye Ramani: Historia ya Utafiti wa Limfoma ya Burkitt Afrika Mashariki na Funzo Lake kwa Mkoa wa Songwe, 1957–2016

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya utafiti wa limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto iliyotambuliwa Kampala mwishoni mwa miaka ya 1950, kuanzia ramani ya pini ya daktari mpasuaji hadi uchambuzi wa vinasaba kwa kompyuta. Ardhi ya Mkoa wa Songwe, yenye nyanda za juu za Tunduma na Mbozi upande mmoja na bonde la Ziwa Rukwa upande wa pili, inatumiwa kama kielelezo cha kupimia historia hiyo. Hoja kuu ni kwamba nafasi tupu kwenye ramani ya ugonjwa inaweza kuwa na maana mbili: ama ugonjwa haupo, ama haukuandikwa. Kila hatua kubwa ya utafiti huu ilipatikana pale mtu alipojitaabisha kutenganisha maana hizo mbili.

1.0 Utangulizi

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kuugawa Mkoa wa Mbeya. Makao yake makuu ni Vwawa, katika Wilaya ya Mbozi, na mji wake wenye shughuli nyingi zaidi ni Tunduma, ulioko mpakani mwa Tanzania na Zambia, mahali ambapo barabara kuu na reli ya TAZARA huvuka kuelekea Nakonde. Wanaoufahamu mkoa huu kwa malori ya mpakani na kahawa ya Mbozi hawakosi kuona pia kwamba ardhi yake ina sura mbili. Tunduma na Vwawa zimekaa kwenye nyanda zenye mwinuko wa mita 1,500 hivi au zaidi kutoka usawa wa bahari, na usiku wake ni wa baridi. Anayeteremka kwenda Kamsamba, katika Wilaya ya Momba, huingia katika Bonde la Ufa la Rukwa, ambako ziwa liko kwenye mwinuko wa mita 800 hivi, joto ni kali na mbu ni wengi.

Tofauti hiyo ya mwinuko ndiyo iliyokuwa msingi wa moja ya gunduzi kubwa za elimu ya saratani katika karne ya 20. Ugunduzi huo ulianzia Uganda, ukapimwa barabarani kupitia Afrika Mashariki na ya Kati, ukapelekwa London kwa ndege, na hatimaye ukaingia katika kompyuta za Cambridge. Leo fani inayochambua taarifa za viumbe hai kwa kompyuta huitwa bayoinformatiki. Makala hii inaonyesha kwamba, katika saratani hii, fani hiyo ilirithi kazi iliyotangulia kufanywa kwa karatasi, pini na rejista za hospitali, na kwamba ilirithi pia upungufu wa rejista hizo.

2.0 Daktari na ramani

Denis Burkitt alizaliwa mwaka 1911 karibu na Enniskillen, Ireland. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa serikali ya wilaya, na wakati wake wa mapumziko aliutumia kuwachunguza ndege wadogo: aliwavisha pete miguuni na kuandika kwenye ramani mahali kila mmoja alipoonekana. Mwanawe alipoteza jicho moja akiwa mtoto, akaanza masomo ya uhandisi Dublin, kisha akahamia udaktari. Baada ya kutumikia jeshi la Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alifika Uganda mwaka 1946. Alianzia Lira, na baadaye akahamishiwa Hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita kumwona mtoto aliyekuwa amevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Burkitt hakuwa amewahi kuona uvimbe wa namna hiyo. Muda mfupi baadaye, alipozuru hospitali ya Jinja, aliona mtoto mwingine mwenye dalili zilezile. Alirudi Mulago akapekua kumbukumbu za wagonjwa, na akabaini kwamba watoto waliokuwa wameandikwa kuwa na uvimbe wa taya, wa tumbo au wa figo, kila mmoja kwa jina tofauti la ugonjwa, huenda walikuwa na ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 alichapisha makala yake ya kwanza katika jarida la upasuaji la Uingereza. Wanapatholojia wa Kampala, Jack Davies na Gregory O'Conor, ndio walioonyesha kwamba uvimbe huo ulikuwa limfoma, yaani saratani ya chembe za kinga ya mwili.

Kazi hiyo isingewezekana bila kumbukumbu. Rejista ya Saratani ya Kampala ilikuwa imeanzishwa mwaka 1951, na makarani na wauguzi wa Mulago walikuwa wakiandika umri wa mtoto, kijiji alikotoka na mahali uvimbe ulipotokea. Burkitt aliyasoma mafaili yao kwa jicho jipya. Taarifa zenyewe zilikuwa zimekwisha kukusanywa na mikono ya watu ambao majina yao hayamo katika makala za kisayansi.

Swali lililofuata lilikuwa la mahali. Burkitt alichapisha vipeperushi zaidi ya 1,000 vyenye picha za watoto wenye uvimbe huo, akavituma kwa hospitali za serikali na za misheni barani Afrika, akiuliza kama ugonjwa kama huo ulikuwa umeonekana. Kila jibu la ndiyo lilipata pini kwenye ramani iliyotundikwa ukutani. Pole kwa pole pini zilifanya mkanda mpana kuvuka katikati ya Afrika, wenye mkia ulioteremka upande wa mashariki kuelekea kusini.

3.0 Safari ya 1961 na maana ya nafasi tupu

Ramani ilikuwa na udhaifu ambao Burkitt aliutambua mapema. Hospitali isiyo na pini ingeweza kuwa mahali pasipo na ugonjwa. Ingeweza pia kuwa mahali ambapo daktari hakujibu barua, au hakuutambua uvimbe, au mahali ambapo wazazi hawakumfikisha mtoto hospitalini. Karatasi haikuweza kutofautisha mambo hayo. Ilibidi mtu aende.

Tarehe 7 Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya Tanganyika kupata uhuru wake, Burkitt aliondoka Kampala pamoja na madaktari wawili wamishonari, Ted Williams na Clifford Nelson, katika gari kuukuu aina ya Ford lililoundwa mwaka 1954. Williams, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Kuluva huko West Nile, alijua pia kutengeneza injini. Kwa muda wa wiki kumi walisafiri takriban maili 10,000, hadi Afrika Kusini na kurudi, wakapitia hospitali zaidi ya 50. Katika kila kituo waliuliza maswali yaleyale na kuonyesha picha zilezile. Gharama yote haikufika pauni 700.

Walichokipata kilikuwa mstari wa mwinuko. Karibu na ikweta, uvimbe ulionekana kwa nadra kwa watoto waliokaa juu ya futi 5,000, yaani mita 1,500 hivi. Kadiri walivyokwenda kusini, kikomo hicho kilishuka, hadi pwani ya kusini ambako ugonjwa ulibaki katika ardhi za chini tu. Kikomo kinachoshuka kadiri ya umbali kutoka ikweta hakiwezi kuwa cha mwinuko peke yake. Ni cha joto. Alexander Haddow, mtaalamu wa virusi na wadudu huko Entebbe, alisaidia kulisoma jambo hilo: ugonjwa ulikuwa wa maeneo ambayo joto halishuki chini ya nyuzi 16 hivi za Selsiasi na mvua haipungui milimita 500 kwa mwaka. Hayo ni mazingira ya mbu. Dhana ya kwanza ikawa kwamba mbu alikuwa akieneza kirusi kinacholeta saratani.

Kwa kipimo hicho, ardhi ya Songwe ya leo inakatwa vipande viwili. Nyanda za Mbozi na Tunduma ziko juu ya kikomo, bonde la Rukwa liko chini yake, na umbali kati ya pande hizo mbili ni wa safari ya siku moja. Watu wa pande hizo huoana na kufanya biashara pamoja. Kinachowatenganisha ni mteremko. Ramani iliyochorwa kwa mkoa mzima au kwa nchi nzima ingeuficha mteremko huo. Ndiyo sababu Burkitt alisisitiza kijiji cha mgonjwa badala ya hospitali alikotibiwa: mtoto wa bondeni anayetibiwa mlimani, akiandikwa kwa anwani ya hospitali, huharibu ramani mara mbili. Huweka alama mahali pasipo na ugonjwa, na huacha nafasi tupu mahali ulipo.

4.0 Kutoka ramani hadi kirusi

Tarehe 22 Machi 1961, kabla ya safari hiyo, Burkitt alitoa mhadhara katika shule ya udaktari ya Hospitali ya Middlesex, London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwa Anthony Epstein, mtafiti wa virusi vya kuku vinavyoleta saratani. Alipoona ramani inayofungamanisha saratani na joto na mvua, Epstein alihisi kuwapo kwa kirusi, na wawili hao wakakubaliana kwamba vipande vya uvimbe vitumwe kwa ndege kutoka Kampala.

Kwa zaidi ya miaka miwili hakuonekana chochote. Mwishoni mwa mwaka 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ilielekezwa Manchester kwa sababu ya ukungu wa London, na maji ya chupa yalipofika yalikuwa na mawingu. Ilidhaniwa kuwa ni bakteria. Epstein alitazama kwa hadubini akaona seli hai za saratani zikielea, zimejitenga na kipande chao. Seli hizo zilikubali kukua katika maabara. Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza katika jarida la Lancet kwamba walikuwa wameona kirusi ndani yake kwa hadubini ya elektroni. Kinaitwa hadi leo kirusi cha Epstein-Barr, na ndicho cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Jibu hilo lilizaa tatizo jipya. Ilibainika kwamba kirusi hicho kimo katika damu ya watu wengi mno duniani, nacho huenezwa kwa mate, wala si kwa mbu. Kwa nini basi saratani ionekane katika mkanda ule tu? Gilbert Dalldorf na baadaye Burkitt mwenyewe waliielekeza hoja kwenye malaria: mbu hakubeba kirusi, alibeba vimelea ambavyo, kwa kumshambulia mtoto mfululizo, huidhoofisha na kuichochea kinga yake. Ramani ya pini ilikuwa sahihi, lakini tafsiri yake ya kwanza haikuwa sahihi.

Hoja hiyo ilipimwa kwa utafiti mkubwa mara mbili katika Afrika Mashariki. Katika West Nile, Uganda, kuanzia mwaka 1972, watafiti chini ya uongozi wa Guy de-Thé walichukua damu ya watoto wapatao 42,000 na kusubiri. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1978 yalionyesha kwamba watoto waliougua baadaye walikuwa na kingamwili nyingi dhidi ya kirusi hicho tangu walipokuwa wazima. Huko Mara Kaskazini, Tanzania, kati ya 1977 na 1982 watoto waligawiwa klorokwini ili kuona kama kupunguza malaria kungepunguza saratani. Idadi ya wagonjwa ilishuka, lakini ilikuwa imeanza kushuka kabla ya dawa kugawiwa, na usugu wa vimelea dhidi ya dawa ukaanza kujitokeza. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon lilikitaja kirusi cha Epstein-Barr kuwa chanzo cha saratani mwaka 1997. Malaria kali ya maeneo ya maambukizi ya kudumu ilitajwa mwaka 2012 kuwa ni chanzo kinachoelekea kuwa cha kweli.

5.0 Kutoka kirusi hadi kompyuta

Wakati huohuo seli zilizotoka kwa watoto wa Afrika zilikuwa zikisomwa kwa njia nyingine. Mwaka 1972 George Manolov na Yanka Manolova, wakiwa Sweden, waliona kasoro katika kromosomu ya 14 ya seli za limfoma ya Burkitt. Mwaka 1976 Lore Zech na wenzake walionyesha kwamba kipande kinachoonekana pale kimehama kutoka kromosomu ya 8. Mwaka 1982 ilithibitishwa kwamba jeni inayohama ni MYC, ambayo kazi yake ni kuiamuru seli igawanyike. Ikishahamia jirani na jeni za kingamwili, huamrishwa bila kikomo. Ndiyo maana uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu kwa siku chache.

Kirusi chenyewe kilisomwa herufi kwa herufi. Mwaka 1984 kundi la Cambridge, ambalo jina la kwanza katika makala yao ni la Richard Baer, lilichapisha mfuatano mzima wa DNA ya kirusi cha Epstein-Barr: herufi 172,282. Hakuna DNA ndefu kama hiyo iliyokuwa imekwisha kusomwa hadi wakati huo. Ilikatwa vipande vidogo, kila kipande kikasomwa peke yake, kisha vipande vikaunganishwa kwa kutafuta mahali vinapofanana. Kazi ya kuunganisha haikuwezekana kwa macho. Rodger Staden wa maabara hiyohiyo alikuwa ametunga programu za kompyuta za kuifanya. Mwaka mmoja kabla, yaani 1983, Russell Doolittle wa Marekani na wenzake walikuwa wamelinganisha kwa kompyuta jeni ya kirusi cha saratani ya nyani na protini ya kawaida ya damu inayokuza seli, na wakaona kwamba zinafanana. Kwa hatua hizo bayoinformatiki iliingia katika elimu ya saratani.

Njia ya kazi hiyo haikutofautiana kimsingi na ile ya ukuta wa Mulago. Burkitt aliweka pini kwenye ramani ya bara. Wachambuzi wa kompyuta waliweka vipande kwenye ramani ya DNA. Katika hali zote mbili maarifa yalitokana na kupanga taarifa nyingi ndogo mahali pake, na katika hali zote mbili mahali pasipo na taarifa palihitaji kuelezwa. Mfuatano wa 1984 wenyewe ulikuwa na pengo: seli zilizotumika, zilizoitwa B95-8, zilikuwa zimepoteza sehemu ya DNA ya kirusi. Pengo hilo lilizibwa baadaye kwa mfuatano uliotoka katika seli zinazoitwa Raji, zilizokuzwa kutoka kwa mtoto wa Nigeria aliyekuwa na limfoma ya Burkitt.

Raji si aina pekee ya seli yenye jina la Kiafrika. Seli zinazoitwa Daudi, zilizotoka kwa kijana wa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, zinaendelea kukuzwa katika maabara za dunia nzima. Watafiti wengi wanaozitumia hawajafika Kenya. Zilichukuliwa wakati ambapo ridhaa ya mgonjwa haikuandikwa kama inavyotakiwa sasa, na faida yake ya kisayansi imekuwa kubwa kuliko faida iliyorudi mahali zilikotoka. Jambo hili ni sehemu ya historia ya taarifa za saratani Afrika Mashariki: kwa miongo kadhaa sampuli zilipanda ndege, na uchambuzi ukabaki kule ziliposhukia.

6.0 Uchambuzi unarudi

Mabadiliko yalianza Kampala. Mwaka 1967 ilifunguliwa huko hospitali ndogo ya kutibu limfoma, ambayo baadaye ikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Burkitt alikuwa ameonyesha kwamba dozi chache za dawa ya siklofosfamidi zingeweza kuyeyusha uvimbe na baadhi ya watoto wakapona kabisa. Taasisi hiyo iliigeuza bahati hiyo kuwa tiba ya utaratibu. John Ziegler wa Marekani alikuwa mkurugenzi wake wa kwanza, na Charles Olweny akawa Mganda wa kwanza kuiongoza.

Katika karne hii, Sam Mbulaiteye, mtafiti kutoka Uganda anayefanya kazi katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, aliongoza utafiti ulioitwa EMBLEM katika Uganda, Tanzania na Kenya kuanzia mwaka 2010 hadi 2016. Uliwalinganisha watoto wenye limfoma ya Burkitt na watoto wazima wa vijiji vya jirani, ukapima malaria, kirusi na vinasaba kwa pamoja. Kwa upande wa Tanzania, eneo lake lilikuwa kaskazini, kandokando ya Ziwa Viktoria. Mwaka 2012 ulianza pia mtandao wa H3ABioNet, ulioongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Cape Town, kwa lengo la kuwafundisha Waafrika bayoinformatiki ndani ya vyuo vyao, ili sampuli isilazimike kuvuka bahari kabla ya kusomwa.

Hatua hizi ni kubwa, lakini zinaonyesha pia jinsi ramani inavyojirudia. Maeneo yaliyotafitiwa sana, yaani West Nile, Mara na kandokando ya Ziwa Viktoria, ni yale ambako kulikuwa na hospitali ya misheni iliyotunza rejista, au ambako Burkitt na wenzake walikuwa na marafiki. Bonde la Rukwa lina joto, mvua na malaria kama maeneo hayo, lakini halikuwa na kituo cha namna hiyo. Huduma ya rufaa kwa nyanda za juu kusini iko Mbeya, katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda, na huko Mbeya pia kuna kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mtoto wa Kamsamba mwenye uvimbe wa taya hana budi kupandishwa hadi Mlowo au Vwawa, kisha Mbeya, na pengine kuendelea hadi Dar es Salaam. Kwa saratani inayoongezeka maradufu ndani ya siku chache, kila kituo cha njiani hupunguza nafasi ya kupona.

Kila kituo hupunguza pia usahihi wa kumbukumbu. Kabla ya 2016, mtoto huyo angehesabiwa kuwa wa Mkoa wa Mbeya, pamoja na watoto wa Rungwe kwenye baridi na wa Kyela kandokando ya Ziwa Nyasa. Mpakani tatizo ni kubwa zaidi, kwa kuwa Wanyamwanga wanaishi pande zote mbili, Tunduma na Nakonde, na mzazi huenda kwenye zahanati iliyo karibu bila kujali ni ya taifa gani. Mgonjwa mmoja anaweza kuandikwa mara mbili, au asiandikwe kabisa.

7.0 Hitimisho

Historia ya limfoma ya Burkitt kwa kawaida husimuliwa kama ushindi wa watu wachache wenye macho makali. Makala hii imeonyesha kwamba ushindi huo ulitegemea rejista. Pale rejista ilipokuwapo, Mulago, kasoro iliyotawanyika katika mafaili ilionekana kuwa ugonjwa mmoja. Pale ilipokosekana, ilibidi watu watatu wasafiri maili 10,000 kuuliza ana kwa ana. Kompyuta imeongeza kasi ya kupanga na kulinganisha, lakini haiwezi kusoma mtoto ambaye hakuandikwa.

Kwa Mkoa wa Songwe funzo ni mahususi. Mkoa huu una, ndani ya mipaka yake, ule mteremko wa joto na malaria ambao Burkitt alilazimika kuvuka nchi kadhaa ili kuupima. Kuandika katika kila kituo cha afya kijiji halisi cha mtoto, na si hospitali alikopelekwa, ni jambo lisilohitaji mashine wala fedha nyingi. Likifanyika kwa pande zote mbili za mpaka wa Tunduma, nafasi iliyo tupu sasa kwenye ramani itapata maana moja badala ya mbili. Na mtoto aliyevimba taya huko Kamsamba atapokewa Mbeya na daktari anayejua kwamba bonde hilo limo ndani ya mkanda wa ugonjwa, na kwamba dawa yapasa kuanza bila kuchelewa.